Sura ya 6: Mifupa ya Pili

Mifupa ya maiti haisimami yenyewe. Nyama na kano zikishaondolewa, kinachobaki ni lundo la vipande zaidi ya 200, na fundi wa makumbusho anayetaka kumsimamisha marehemu kabatini hana budi kutoboa, kupitisha waya, kutia gundi na kufunga kiungo kimoja baada ya kingine. Harry Eastlack, aliyesimama ndani ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia, Marekani, hakumpa fundi wake kazi kubwa hivyo. Sehemu kubwa ya mwili wake ilishajiunga yenyewe kabla hajafa.

Mgongoni, pale ambapo mimi na wewe tuna misuli tu, limetandaa bamba la mfupa lenye matundu na kingo zilizochongoka. Tepe za mfupa zimepita juu ya viungo vilivyopaswa kuwa huru. Taya la chini limegandana na fuvu. Na chini ya hayo yote ipo mifupa ile ya kawaida tuliyoumbwa nayo sote, kila mmoja mahali pake. Harry alikufa akiwa na mifupa ya watu wawili, na ile ya pili iliizuia ya kwanza isijongee.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1933. Alipokuwa na umri wa miaka kama minne, akicheza nje na dada yake, aligongwa na gari na kuvunjika mguu wa kushoto. Ajali ya kawaida, ya kila mji. Mguu ukafungwa plasta. Plasta ilipotolewa, mguu haukurudi kuwa mguu: nyonga na goti vilikakamaa, na baadaye picha za eksirei zikaonyesha mfupa unaota katikati ya msuli wa paja, mahali ambapo mfupa hauna shughuli. Madaktari wakafanya kile ambacho mpasuaji yeyote angefanya akiona kitu kisichotakiwa. Wakakikata. Kikaota tena, kinene kuliko kwanza. Wakakata tena. Kila kisu kilipopita, mwili wa mtoto yule uliitika kwa kujenga mfupa mwingine.

Miaka ikaenda hivyo. Mgongo ukafungana, shingo ikafungana, taya likafungana akiwa bado kijana. Alifariki Novemba 1973 kwa nimonia, siku chache kabla ya kutimiza miaka 40, na mwishoni alichoweza kutikisa ni midomo tu. Kabla ya hapo alikuwa amemwambia dada yake kwamba akifa, mwili wake wapewe madaktari wausome.

Maradhi haya yanaitwa fibrodisplasia osifikansi progresiva. Jina ni refu hata kwa madaktari, nao wanalifupisha FOP, nasi tutawafuata. Makadirio yanayotumiwa sana ni mgonjwa mmoja kati ya watu milioni moja hadi milioni mbili. Waliothibitishwa duniani kote ni mamia kadhaa tu. Ukiwakusanya wote hawajazi shule moja kubwa ya msingi ya Dar es Salaam. Hayachagui rangi, taifa wala jinsia, na hilo linanifanya nichukue kalamu na karatasi. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61 na laki saba. Kwa kiwango hicho, nchi hii peke yake ingekuwa na wagonjwa wa FOP kati ya 30 na 60. Ukiongeza Kenya, Uganda na Kongo, hesabu inapita mia. Msomaji ajiulize ni wangapi kati ya hao wamewahi kuambiwa jina la kinachowasumbua.

Wenzetu wa Ulaya wameyaona zamani. Mwaka 1736 mpasuaji wa London aitwaye John Freke, wa hospitali ya St Bartholomew's, aliwaandikia wanazuoni wa Royal Society habari za kijana wa miaka kama 14, mwenye sura ya afya njema, aliyefika hospitalini kuuliza ni tiba gani ingemwondolea uvimbe mwingi mgongoni. Uvimbe wenyewe ulianza miaka kama mitatu kabla. Freke aliona mfupa umechipuka kutoka pingili zote za uti wa mgongo, kuanzia shingoni kushuka chini, ukaenea juu ya mbavu na kuungana huku na huku kama matawi ya matumbawe. Mtu wa Pwani aliyewahi kupiga mbizi hahitaji picha zaidi ya hiyo. Kilichomshinda Freke ni lile swali la kijana: dawa yake nini? Swali hilo lilikaa bila jibu kwa karibu miaka 290, na jibu tulilo nalo leo, kama tutakavyoona, ni nusu jibu.

Kwanza tuuone mwili unavyofanya.

Mtoto akiwa tumboni, sehemu kubwa ya mifupa yake huanza kama gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbuka tunayoishika masikioni na puani. Gegedu huchora umbo, kisha polepole hubadilishwa kuwa mfupa. Kazi hiyo inaongozwa na jamii ya protini zinazojulikana kama BMP. Tulizijua kwa njia ya ajabu kidogo: mwaka 1965 daktari wa mifupa wa California, Marshall Urist, alionyesha kwamba kipande cha mfupa kilichoondolewa madini yake, kikipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, kinaotesha mfupa mpya palepale msulini. Maana yake ni kwamba msuli una uwezo wa kuzaa mfupa. Siku zote unao. Unachokosa ni amri, na katika mwili mzima amri hiyo haitolewi hovyo. Huja mtu anapokua, au anapovunjika na mfupa ukahitaji kuunga.

Kwa mwenye FOP amri inatolewa bila sababu, au kwa sababu ndogo mno. Mtoto analala mzima, anaamka na uvimbe mgongoni au shingoni: mgumu, wenye joto, unauma, wakati mwingine una ukubwa wa yai. Siku ya pili umehama au umekua. Mara nyingine unanywea na kupotea, wazazi wakashukuru Mungu. Mara nyingine, ndani ya wiki chache, msuli uliovimba unakufa, gegedu linachukua nafasi yake, na gegedu linageuka mfupa. Tena si takataka ya chokaa. Ni mfupa kamili, wenye uboho ndani, mfupa ambao ukivunjika unaunga kama mfupa mwingine wowote. Mwili haujakosea ufundi hata kidogo. Umekosea mahali tu.

Mpangilio wake nao una utaratibu wa kutisha. Huanza juu na nyuma: shingo, mabega, mgongo. Kisha hushuka kwenye nyonga na magoti, na taya halisalimiki. Wengi wanahitaji kiti cha magurudumu wakiwa katika miaka ya ishirini. Lakini kuna misuli ambayo haiguswi: ulimi, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, misuli inayozungusha macho, na moyo wenyewe. Kwa hiyo mtu aliyefungwa kila upande bado anaona, anaongea, anafikiri na kucheka. Akili haiguswi kabisa. Kinachomwua mara nyingi ni kifua: mbavu zikishafungana haziwezi kutanuka, pumzi inabaki kutegemea kiwambo peke yake, na nimonia ambayo mwingine angeiugua wiki moja na kupona inamshinda. Utafiti wa mwaka 2010 ulikadiria wastani wa maisha ya wagonjwa hawa kuwa miaka 56.

Kuna jambo moja ambalo ni vigumu kulisahau ukishalijua. Viungo vya mtu wa FOP vinapokaribia kufungana, huenda akalazimika kuamua mwili wake ugande katika mkao gani: wa kukaa au wa kusimama. Akichagua kukaa, kiti cha magurudumu kitamfaa lakini hatalala chali kama wengine. Akichagua kusimama, atalala vizuri na pengine atavuta hatua, lakini hataketi tena mezani na wenzake. Nimejaribu kufikiri ningechagua nini. Sijapata jibu ninaloweza kulitetea.

Sasa turudi kwenye kisu, maana hapa ndipo penye kiini cha sura hii.

Mwili wa FOP hauchokozwi na maradhi yake tu. Unachokozwa na kila jeraha la msuli: kuanguka, kugongwa, hata homa ya mafua. Sindano ya ganzi anayochoma daktari wa meno inaweza kufunga taya moja kwa moja. Sindano ya kwenye msuli wa paja au tako inaweza kuacha mfupa pale ilipoingia. Na upasuaji wa kuondoa mfupa uliozidi, ule aliofanyiwa Harry, unaita mfupa mkubwa kuliko uliotolewa. Katika maradhi mengi tunayoyajua, daktari akishindwa kuponya, angalau haongezi. Hapa anaongeza, tena kwa nia safi kabisa.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kuwauliza wagonjwa 138 kutoka nchi mbalimbali waliyopitia kabla ya kujulikana wanaumwa nini. Asilimia 87 walipewa kwanza jina la ugonjwa usio wao. Jina lililoongoza lilikuwa saratani. Ilichukua wastani wa miaka minne tangu dalili kuanza hadi kupata jina sahihi, baada ya kuonana na madaktari sita hivi. Asilimia 67 walikatwa kinyama cha kupeleka maabara, jambo ambalo halikuhitajika. Na hapa ndipo pagumu: asilimia 49, karibu nusu, walisema walipoteza kabisa uwezo wa kujongesha sehemu fulani ya mwili kwa sababu ya hayo waliyofanyiwa na waganga wao.

Usikimbilie kuwalaumu. Tuseme wewe ndiye daktari wa zamu, na mama anaingia na mtoto wa miaka mitatu. "Daktari, huu uvimbe juzi haukuwepo." Unaupapasa: mgumu, umekua kwa siku tatu. Ukikata kinyama na kukitazama kwa darubini, utaona chembe changa zinazozaliana kwa kasi, na zinafanana mno na saratani ya misuli. Hapa kwetu kishawishi ni kikubwa zaidi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo, saratani inayoweza kukua maradufu kwa siku chache na ambayo, ikitibiwa mapema, inapona. Tangu hapo kila daktari mzuri wa Afrika Mashariki amefundishwa kwamba uvimbe unaokua haraka kwa mtoto haungojewi: kata kinyama, peleka maabara. Ni mafunzo sahihi na yameokoa watoto wengi. Kwa mtoto mmoja kati ya milioni, mafunzo hayohayo ndiyo yanayomfunga mwili.

Lingekuwa jambo la kukatisha tamaa kama kusingekuwa na alama ya kumtambua mtoto huyo. Alama ipo, tena haihitaji darubini, eksirei wala umeme. Iko kwenye dole gumba la mguu. Karibu kila mgonjwa wa FOP ya kawaida huzaliwa na dole gumba lisilo sawa, miguu yote miwili: fupi, na ncha yake imegeukia vidole vinavyofuata. Mara nyingi halina kiungo kinachokunja. Linaonekana siku ile ile mkunga anapompangusa mtoto na kumhesabu vidole, miaka kabla ya uvimbe wa kwanza. Mkunga huona, mama huona, bibi husema "amerithi kwa upande wa baba", na jambo linaishia hapo. Mtoto anakwenda kliniki, anapimwa uzito, kadi inajazwa, wala hakuna anayetazama tena miguu. Daktari wa saratani, anayetazama mgongo, hana sababu ya kumvua mtoto soksi.

Ndiyo maana nasema maarifa ya ugonjwa huu hayakutoka maabara kwanza. Yalitoka kwa wagonjwa wenyewe, siku walipopatana.

Jeannie Peeper wa Marekani alizaliwa mwaka 1958 na aligunduliwa akiwa na miaka minne. Wazazi wake hawakupewa matumaini kwamba angefika utu uzima. Alifika, akasoma chuo, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukutana na mtu mwingine mwenye hali kama yake. Fikiria upweke wa namna hiyo: kuumwa kitu ambacho hata daktari wako amekisoma tu kwenye kitabu. Alipokuwa anakaribia miaka 30, mtafiti Michael Zasloff, aliyekuwa akifanya kazi kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alimpatia orodha ya wagonjwa aliokuwa amewahi kuwaona. Ilikuwa fupi, majina hayakufika 20. Jeannie akawaandikia barua. Walioitikia walikuwa 11, na kwa hao 11 alianzisha mwaka 1988 chama cha kimataifa cha wagonjwa wa FOP, kinachojulikana kwa herufi IFOPA. Akawa anatoa jarida dogo lenye habari za kawaida za maisha: namna ya kuchana nywele mkono usipofika kichwani, namna ya kula meno yasipofunguka.

Ukitaka kutafuta chanzo cha ugonjwa wa kurithi unahitaji damu ya watu wengi, na hapo awali hakuna daktari aliyekuwa na wagonjwa wengi. Kila mmoja alikuwa na mmoja wake, anayemshangaa. Chama kilipowaleta pamoja, Frederick Kaplan, daktari wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwenzake Eileen Shore wakapata cha kufanyia kazi. Tatizo lilikuwa kwamba FOP mara chache hurithiwa. Wazazi huwa wazima; kosa huzuka upya kwa mtoto. Na wenye FOP wachache mno hupata watoto wao wenyewe. Iliwabidi watafute familia chache duniani ambamo mzazi na mtoto wote wanaumwa, kisha walinganishe vinasaba vyao. Ilichukua miaka mingi, na sehemu ya fedha ilitokana na michango ya familia za wagonjwa.

Mwaka 2006 walitangaza jibu. Katika jeni iitwayo ACVR1 herufi moja imebadilika. Moja tu, kati ya herufi takriban bilioni tatu zinazoandika maelekezo ya mwili wa binadamu. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachokaa kwenye ngozi ya chembe na kupokea zile amri za BMP nilizozitaja. Kwa wagonjwa wa kila bara, kosa lilikuwa lilelile, mahali palepale: asidi amino ya 206 ya protini hiyo si ile inayotakiwa. Mara chache sana maumbile yanakosea kwa usahihi wa namna hii.

Miaka tisa baadaye, mwaka 2015, likajulikana jambo lililowashangaza hata wataalamu. Kuna protini iitwayo aktivini A, ambayo mwili huimwaga mahali penye jeraha na uvimbe. Kwenye kipokezi kizima, aktivini A haiwashi ujenzi wa mfupa, tena huuzuia. Kipokezi chenye kosa la FOP kinaisoma kinyume. Kinaambiwa "usijenge" kinaelewa "jenga". Ghafla mambo ya karibu miaka mia tatu yakaeleweka: kwa nini uvimbe, kwa nini baada ya kuanguka, kwa nini baada ya mafua, kwa nini kisu. Kila jeraha humwaga aktivini, na kwa mwili huu aktivini ni tofali.

Faida ya elimu hii haikubaki kwa wagonjwa mia nane au mia tisa. Askari waliokatwa viungo kwa milipuko, na wazee waliobadilishiwa nyonga, mara nyingi huota mfupa ndani ya nyama iliyojeruhiwa. Sasa kuna pa kuanzia kuwasaidia. Mwaka 2014 watafiti wa saratani waliikuta ACVR1 iliyoharibika katika takriban robo ya uvimbe mmoja mbaya sana wa shina la ubongo wa watoto, uvimbe ambao hauna tiba. Anayeuliza kwa nini fedha zitumike kwa maradhi ya watu wachache namna hii apewe mfano huo.

Dawa? Agosti 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha palovarotini, ya kwanza kabisa kwa FOP. Canada ilitangulia mwaka 2022. Inapunguza mfupa mpya, haiondoi wa zamani, na ina kasoro nzito: inaweza kufunga mapema sehemu za mifupa zinazomrefusha mtoto, kwa hiyo Marekani hawampi msichana aliye chini ya miaka 8 wala mvulana aliye chini ya miaka 10, ilhali ndio umri maradhi yanapopamba moto. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka huohuo wa 2023. Dawa nyingine zinajaribiwa, zikiwamo zinazoikamata aktivini kabla haijafika kwenye kipokezi. Ndiyo nusu jibu niliyosema. Bei yake sitaitaja, nisije nikamharibia mtu chakula.

Carol Orzel hakuingoja. Aliishi miaka mingi katika makazi ya watu wenye ulemavu mjini Philadelphia, mwili umefungana, ulimi uko huru, na hakuwa mtu wa kunyamaza. Alipenda mapambo na hereni. Kila mwaka Kaplan alimpeleka mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, naye akawafundisha kwa mdomo wake mwenyewe maradhi ambayo wengi wao hawatayaona tena kazini. Aliiona mifupa ya Harry Eastlack, akatamka sharti lake: akifa awekwe kando yake, na mapambo yake yawekwe naye. Alifariki Februari 2018, akiwa na miaka 58. Tangu 2019 wako pamoja, na mapambo yapo.

Huko nyuma mwili wa mgonjwa wa ajabu ulinunuliwa, uliibwa au uligombewa na madaktari pasipo yeye kuulizwa, na sura zilizopita zimeonyesha mifano. Harry na Carol waliamua wenyewe. Mimi naona hilo linabadilisha maana ya kabati lile. Anayelitazama hatazami mateka. Yuko darasani, na walimu wawili wamemkubali.

Wazazi wenye mtoto wa FOP wana mtihani wa kila siku ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Mtoto akikimbia anaweza kuanguka, na akianguka anaweza kupoteza goti. Zaidi ya hayo, mikono ikishafungana haiwezi kutangulia kumkinga, kwa hiyo anaanguka kwa kichwa. Umfungie ndani? Wapo waliofanya hivyo, na mtoto akafungana vilevile, bila hata kuwa amecheza. Madaktari wengi wa maradhi haya hushauri njia ya kati: aende shule, avae kofia ngumu, vikwazo viondolewe njiani, lakini aachwe aishi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema; mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma hawezi kusaidiwa na elimu yote niliyoieleza hapa.

Basi nina ombi kwa watu watatu wanaoweza kuwa wanasoma ukurasa huu.

Mkunga au muuguzi wa kliniki: unapomkagua mtoto mchanga, tazama madole gumba ya miguu. Yakiwa mafupi na yamegeukia vidole vinavyofuata, yote mawili, andika kwenye kadi na mwambie mama asiipoteze. Watoto wengi wenye dole lililopinda hawana FOP, kwa hiyo usimtie mtu hofu. Lakini maandishi yako yanaweza kumwokoa mtoto miaka mitatu baadaye.

Daktari: mtoto akija na uvimbe wa shingo au mgongo unaotokea na kuhama, mvue viatu kabla hujachukua kisu. Dole likiwa na kasoro, usikate kinyama, usichome sindano ya msuli, usinyooshe kiungo kwa nguvu. Damu ya mshipani kwa ajili ya kipimo cha jeni haina ubaya, na jibu lake ni la uhakika.

Mzazi: usiache chanjo kwa sababu ya sura hii. Mtoto asiye na FOP anahitaji zile sindano za paja za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kama kawaida, na surua inaua watoto wengi kuliko FOP itakavyowahi kuua. Ila kama mwanao ana madole hayo na amewahi kuota uvimbe usioelezeka, mwambie daktari mambo hayo mawili kwa pamoja, katika sentensi moja, kabla hajamgusa. Akikuambia hajawahi kusikia ugonjwa huo, hakuna aibu, wengi hawajasikia. Mwonyeshe ukurasa huu, umwombe aiandikie IFOPA siku hiyohiyo.